Meli Iliyozama Wakati wa Chakula cha Mchana

Siku hiyo mjinga alikuwa Sajini. Hakatai. Ukimuuliza atakueleza mwenyewe, na atacheka kabla yako ili usipate nafasi. Miaka thelathini na mmoja ya upelelezi ilimpitishia mbele matapeli waliovaa suti nzuri kuliko mahakimu wao, akawafungua mmoja mmoja kama makopo. Kisha akastaafu, na ndani ya dakika kumi za Jumamosi moja akamhukumu mtu asiye na kosa mbele ya watazamaji hamsini, akiwa amevaa suruali iliyolowa.

Ilikuwa saa nane na nusu mchana. Mlango wa ukumbi ulifunguliwa kwa ufunguo, watu wakaingia wakisukumana kurudi mahali pao, na Sajini akaenda moja kwa moja kwenye kompyuta ya dirishani kuhakikisha kwamba mambo yako kama yalivyoachwa. Hayakuwa hivyo. Kwenye kioo palikuwa na orodha ya meli zilizozamishwa. Daftari lake lilisema nne. Kioo kilisema tano.

Ukumbi ulikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la magodoro. Mwenyewe ni mama mmoja mnene wa sauti aliyekuwa akikodisha viti kwa mikutano na harusi, kila kiti na kifuniko chake cheupe, na ole wako uweke kiatu juu yake. Watu walimwita Mama Viti. Jumamosi ukumbi ukiwa hauna harusi, aliwapa watu wa nyambizi.

Watu wa nyambizi ni watu wazima wenye kazi zao na akili zao, isipokuwa siku hiyo ya wiki. Kila mmoja hukaa mbele ya kompyuta akawa nahodha wa nyambizi katika bahari isiyokuwepo, akawinda meli za mizigo zinazolindwa na meli za doria. Anayezamisha nyingi ndiye mshindi. Jumamosi hiyo ilikuwa fainali, na haikuwa ya mchezo tena. Chuo cha mabaharia kilikuwa kimetoa nafasi moja ya masomo kwa mshindi, na mwandikishaji wa chuo angefika saa kumi na moja kamili kuandika jina.

Walikuwa wamebaki wawili. Wa kwanza aliitwa Kepteni, muuza mabomba na koki za maji, mtu ambaye chombo kikubwa alichowahi kukipanda ni lifti. Wa pili alikuwa Dobi, binti wa miaka ishirini na mitano, anayefua nguo za watu kwenye duka la dobi la mtaa huohuo pamoja na kaka yake. Mara mbili alikuwa ameomba chuo hicho, na mara zote mbili orodha ilijaa kabla ya kufika kwenye jina lake. Chuo hakipokei mtu aliyetimiza ishirini na sita. Yeye angetimiza baada ya miezi miwili. Ukumbi mzima ulijua hesabu hiyo, na yeye aliijua zaidi.

Sajini aliteuliwa kuwa mwamuzi kwa sababu moja tu: hakujua lolote kuhusu mchezo, kwa hiyo hakuweza kumpendelea mtu. Sifa hiyo ilimfurahisha sana mpaka jioni alipoifikiria vizuri.

Saa saba kamili, kipindi cha kwanza kilipokwisha, Fundi wa kompyuta alisimamisha michezo yote miwili, akamtajia Sajini vya kuandika. Kepteni, meli nne. Dobi, meli nne, na moja imetobolewa lakini inaelea. Torpido zilizobaki, yale makombora ya chini ya maji, mbili kwa kila mmoja. Saa ya ndani ya mchezo, saa kumi na dakika kumi jioni, kote kuwili. Sajini aliandika yote kwa mwandiko mzuri bila kuelewa nusu yake. Watu wakatolewa nje, mlango ukafungwa, ufunguo ukatundikwa ofisini kwa Mama Viti.

Na sasa, kwenye kompyuta ya dirishani, ambayo ndiyo ya Dobi, meli iliyotobolewa ilikuwa imezama, wakati mchezo ulikuwa umesimama na chumba kimefungwa.

Sajini aliona kitu kingine pia, na hapa ndipo ujinga wake ulipopiga mswaki ukavaa kofia. Saa ya ndani ya mchezo kwenye kompyuta ya Dobi ilikuwa saa mbili na dakika kumi usiku. Ya Kepteni ilibaki palepale. Sajini alimwita Fundi pembeni akamnong'oneza kwa upole kwamba mashine zake zimeanza kuishiwa betri, saa zimeachana. Fundi alifungua mdomo. Sajini akamwambia watazungumza baadaye.

Kisha akakaa kwenye kiti cha safu ya mbele ili afikiri, akasikia ubaridi ukimpanda kupitia suruali. Alijiambia kuna mtu kamwaga maji, akasogea kiti cha pili. Nacho kilikuwa na unyevu. Akasimama.

Katika kazi yake ya zamani alikuwa na swali moja lililomfikisha mbali: nani kafaidika? Jibu lilikuwa limesimama mbele yake limeshika kofia.

"Binti, ulikuwa wapi kati ya saa saba na saa nane unusu?"

"Kwenye ngazi za juu, za kwenda kwenye paa. Nilikula mkate, nikasoma madaftari yangu."

"Nani alikuona?"

"Hakuna. Nilikwenda huko ili nisionekane."

"Uliigusa hii mashine?"

"Sikuigusa."

Kepteni alitikisa kichwa kwa huzuni ya mtu aliyeanza kufurahi. Saa nane na dakika arobaini Sajini alitamka kwamba Dobi ametolewa mashindanoni kwa udanganyifu. Dobi hakulia wala kubishana. Alivaa kofia yake, akarudisha kiti chake sawasawa na vingine, akashuka ngazi.

Watu walianza kumpongeza Kepteni. Fundi, ambaye ile "baadaye" yake ilikuwa imefika, alimshika Sajini mkono akamwonyesha kona ya kioo.

"Hizi ni torpido zake, Mzee. Ngapi?"

"Mbili."

"Na ulizoandika saa saba?"

Sajini alifungua daftari. Mbili.

"Kwa hiyo aliyeingia humu hakupiga hata moja," alisema Fundi. "Na ile saa siyo betri. Ni saa ya bahari yenyewe. Mtu aliuachia mchezo, ukaenda saa nne za mle ndani, akausimamisha tena."

Kwa mchezo ule, Fundi alieleza, ukibonyeza kitufe fulani muda wa ndani hukimbia mara nane. Saa nne za baharini zingekuwa nusu saa ya huku kwetu. Fundi alifungua kumbukumbu za mashine: meli ile ilizama saa moja na dakika arobaini usiku ya mchezo, bila kupigwa na mtu.

"Ilizama kwa sababu gani?"

"Muulize aliyeitoboa," alisema Fundi. "Umemfukuza sasa hivi."

Swali hilo lilimkaa Sajini kooni kama mwiba wa samaki. Kuna wapelelezi wanaopenda majibu. Yeye alikuwa wa wale wasioweza kulala na swali chumba kimoja.

Saa tisa na dakika tano aliingia kwenye duka la dobi. Mbele palikuwa na meza ndefu ya kupigia pasi, na nyuma ya meza alikuwa kaka mtu, kijana mkubwa wa mabega aliyeitwa Pasi na mtaa mzima, mcheshi, mwepesi wa kukaribisha. Alimsalimu Sajini shikamoo kwa heshima zote, akamwambia yeye hajainua mgongo tangu asubuhi, kazi zimejaa, na hizo habari za ukumbini amezisikia sasa hivi kwa dada yake mwenyewe. Alisikitika. Hakumlaumu Sajini, alisema, maana kazi ni kazi.

"Na nyambizi yake," aliuliza huku akigeuza shati, "haikupata hata mkwaruzo?"

"Haikupata," alisema Sajini, akapita kwenda uani.

Dobi alikuwa amejifunga aproni, mikono ndani ya karai kubwa. Alimwamkia, akaendelea kufua. Sajini alijikalisha juu ya ndoo iliyopinduliwa akamwambia ukweli: kwamba alikuwa ameamua haraka, kwamba torpido zilikuwa mbili na bado ni mbili, na kwamba hajui meli inavyoweza kuzama yenyewe.

Binti alimtazama kidogo, akikadiria kama anastahili kufundishwa. Kisha alisukuma nguo pembeni, akachukua kopo tupu la sabuni ya unga, akalitoboa kwa msumari ubavuni, akaweka ndani yake kitambaa kilicholowa ili kiwe mzigo, akaliweka majini. Kopo likaelea.

"Tundu liko wapi, Mzee?"

"Juu ya maji. Kidole kimoja hivi."

"Linaingiza?"

Sajini aliinama mpaka miwani ikamteleza. Tundu lilikuwa kavu. Wakakaa wote wawili wakilitazama kopo kama watu wanaosubiri basi.

"Hii ni bahari shwari," alisema Dobi. "Hapa meli yenye tundu kama hili inajikokota mpaka bandarini. Mabaharia wake wanaziba, wanapiga pampu, wanafika wakiwa wamechoka tu." Alishika karai kwa mikono miwili akaanza kulitikisa, taratibu, kama anayebembeleza. Maji yakapanda na kushuka. Kila yalipopanda, tundu lilimeza funda moja. Kopo lilianza kuinama upande wa tundu, na lilivyozidi kuinama lilizidi kumeza, mpaka likaingia lote bila kelele, likalala chini ya karai.

Sajini alimwomba arudie. Alirudia. Akamwomba tena, safari hii alitikisa yeye, akalowa mpaka kiwikoni, akafurahi kama aliyegundua moto.

Katika fainali ile, Dobi alieleza, bahari ilikuwa imechafuka vibaya tangu asubuhi. Ndiyo maana torpido yake iliipata meli ile ya mizigo juu mno: meli ilikuwa inapanda wimbi wakati inapigwa. Ndiyo maana pia hakuweza kumaliza kazi kwa mzinga wa sitahani, juu ya nyambizi, kwa sababu mawimbi yangewafagia wapigaji. Alikuwa amebakiwa na torpido mbili, hakutaka kuzipoteza kwa mgonjwa. Alichokusudia ni kukaa na kusubiri.

"Kusubiri mpaka lini?"

"Mpaka izame. Kipindi cha pili kilikuwa cha dakika hamsini, na sheria zinaruhusu kukimbiza muda wa mchezo mtu akiwa anasubiri. Ile ilikuwa yangu tayari, Sajini. Niiibe ya nini?"

Hapo ndipo kopo la pili lilipozama, na hilo lilikuwa kichwani mwa Sajini. Swali lake la miaka thelathini lilikuwa limemdanganya. Aliyefaidika hakuhitaji kufaidika. Basi huyo aliyeingia alikuja kutafuta nini?

Alirudi ukumbini saa tisa na dakika arobaini, akamkalisha Kepteni moja kwa moja.

Huyu alikuwa mtuhumiwa mtamu. Sababu alikuwa nayo. Ujuzi alikuwa nao: asubuhi watu wote walimsikia akitamba kwamba katika bahari kama ile yeye hupiga mara moja tu, maji yanamalizia. Mtu anayejua hivyo angeweza kuizamisha meli ya mwenzake makusudi, ili mwenzake aonekane mwizi. Sajini alimwambia hivyo bila kumzunguka.

Kepteni alivimba. Alitaka kujua kama yeye anafanana na mtu wa kuingia kwa watu kinyemela.

"Unafanana na mtu wa kuuza koki mbovu," alisema Sajini. "Ulikuwa wapi?"

"Mgahawani hapo ng'ambo. Na Fundi. Muulize."

Fundi aliulizwa. Alisema waliketi saa saba na dakika tano wakainuka saa nane na dakika ishirini na tano, na kwamba Kepteni hakuondoka hata kwenda kunawa. "Dakika themanini ananihadithia alivyozamisha ile meli ya kwanza. Ningeomba aondoke. Hakuondoka." Mhudumu wa mgahawa, alipopigiwa simu, alikumbuka zaidi ya alivyotaka.

Kwa hiyo Kepteni na Fundi walikuwa wamefungwa pamoja na hadithi ile, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa hapa juu. Sajini akamgeukia Mama Viti, akamuuliza kuhusu ufunguo.

Mama Viti alisema ufunguo haukuguswa. Sajini aliuliza tena, kwa namna nyingine. Haukuguswa, baba, labda na mtu wa vifuniko tu. Sajini aliuliza mtu wa vifuniko ni nani. Mama Viti alimshangaa: si huyu kijana wa dobi, aliyeleta vifuniko vya safu tatu za mbele? Alichukua ufunguo saa saba na robo, akaurudisha saa nane kasoro dakika kumi, kijana mwenye adabu.

"Ulipouliza mtu gani aliingia, sikumtaja kwa kuwa hakuingia," aliongeza. "Alileta vifuniko."

Sajini alifungua daftari. "Ulikuwa umevihitaji leo?"

"Jumatatu. Nilishangaa mwenyewe. Na havijakauka vizuri, nimemwekea maneno."

Sajini alikwenda kwenye safu zile tatu, akapitisha kiganja juu ya viti ishirini na vinne, kimoja kimoja, kama daktari. Vyote vilikuwa na unyevu pindoni. Dakika thelathini na tano, viti ishirini na vinne, nusu saa ya mchezo mara nane. Na huko dukani kijana alikuwa amemwambia hajainua mgongo tangu asubuhi.

Lakini hilo lilisema nani, na yeye alitaka kwa nini. Kwa nini kaka aingie kwa kuiba ili amzidishie dada yake meli? Alizunguka ukumbi mara mbili. Mara ya tatu alisimama, akacheka peke yake, Kepteni akadhani anachekwa yeye.

Tangu saa nane na nusu, kila mtu aliyemkaribia alikuwa amemuuliza habari za meli: imezamaje, imezama lini, imezamishwa na nani. Mtu mmoja tu aliuliza habari za nyambizi.

Saa kumi kasoro dakika tano Mama Viti alituma neno kwa dobi kwamba vifuniko vimelowa na aje avione. Kaka na dada walikuja pamoja, kaka akitabasamu mlangoni, dada amesimama nyuma yake, hataki kuingia mahali alipofukuzwa. Sajini alimwomba aingie. Kisha akasimama mbele ya watu walewale hamsini akasema kwamba saa nane na dakika arobaini alikuwa amekosea, na kwamba angependa kuonyesha amekosea kiasi gani.

Hakupandisha sauti. Alieleza saa nne za mchezo na nusu saa ya ukumbini. Alieleza kuhusu kopo na karai, na wale wanaocheza wakaitikia kwa vichwa kwa sababu walijua.

"Anayeijua bahari hii hakuwa na haja ya kuingia," alisema. "Dobi angesubiri tu. Kepteni angeweza kuwa na ubaya, lakini ana shahidi anayetamani asingekuwa shahidi. Aliyeingia alikuwa mtu asiyejua mawimbi yanafanya nini. Alichojua ni kitu kimoja alichokisikia nyumbani." Alimgeukia Pasi. "Dada yako akifanya mazoezi nyumbani, huwa anasemaje kuhusu nyambizi iliyoachwa juu ya maji bila mtu?"

Dobi ndiye aliyejibu, polepole, macho yake yakiwa kwa kaka yake. "Husema hiyo ni marehemu."

"Ya kwako saa saba ilikuwa wapi?"

"Juu. Inachaji betri. Meli za doria zilikuwa nne, upande wa kulia."

"Na bado haikuonekana. Kwa nini?"

"Bahari ikichafuka, doria hawasikii kitu zaidi ya mawimbi. Na nyambizi ni fupi, inapotelea kati ya wimbi na wimbi."

"Kwa hiyo mtu aliyeuachia mchezo, akarudi kwenye kioo baada ya nusu saa akitegemea kukuta nyambizi imezamishwa, angekuta ipo. Angeshangaa. Angeshangaa mchana wote, hata mpelelezi akija dukani kwake kuuliza kuhusu meli, yeye angeuliza kama nyambizi haikupata hata mkwaruzo." Sajini alivua miwani. "Uliulizia mgonjwa uliyetarajia kumkuta amekufa, bwana. Na dukani uliniambia hujainua mgongo tangu asubuhi, wakati suruali yangu ina ushahidi wako."

Watu walicheka, kisha wakaacha, kwa kuwa Pasi alikuwa ameketi. Alikalia kimoja cha viti alivyovivisha mwenyewe. Alisema hakukusudia dada yake aitwe mwizi. Hata orodha ya meli hakuitazama, hakujua kuna orodha. Alijua vitufe viwili tu, cha kuachia na kusimamisha, na cha kukimbiza, kwa kuviona kila jioni. Alivisha viti, akatazama, nyambizi ikawa bado inaelea, akasikia hatua za mtu kwenye ngazi, akausimamisha. Alitaka dada yake ashindwe tu. Ashindwe, arudi nyumbani, maisha yaendelee.

"Kwa nini ashindwe?" aliuliza Sajini, sasa kwa upole.

Kwa sababu duka ni la watu wawili, alisema Pasi. Mmoja anafua, mmoja anapiga pasi. Mama yao ana miguu mibovu na anamtaka binti karibu. Chuo ni miaka mitatu, na baada ya chuo ni bahari, na aliyekwenda baharini anarudi akijisikia. Hakuna aliyemuuliza yeye anaonaje.

Sajini alitamka uamuzi wa pili wa siku hiyo, na huu aliufikiria kwanza. Fundi alikuwa na nakala ya mchezo iliyojihifadhi yenyewe saa saba kamili: meli nne kwa nne, saa kumi na dakika kumi jioni, bahari ileile, tundu lilelile. Wangeendelea kutoka hapo. Kepteni alitaka kupinga, akawatazama watu hamsini, akasema yeye siku zote alikuwa mtu wa haki.

Saa kumi na dakika tatu walianza. Kepteni alifukuza meli ya tano kwa kelele, akapiga torpido zake mbili za mwisho. Ya kwanza iliruka juu ya wimbi ikapotea njia, ya pili ikapita chini ya meli bila kuigusa. Dobi aliishusha nyambizi yake mahali penye utulivu chini ya mawimbi, akakimbiza muda, akakunja mikono. Alicheza mchezo wote huo kwa kutocheza.

Nyuma yake Pasi hakunyamaza. Alianza kwa kuomba radhi, akaomba vizuri, kisha maneno yakaendelea yenyewe kama maji yaliyopata tundu. Alimkumbusha nani alimnunulia kompyuta kuukuu. Alimkumbusha miguu ya mama. Alisema baharini watu wanakufa, na si kwenye kioo. Alisema dada angemwomba vizuri, yeye angemruhusu. Dobi hakugeuka. Mara moja tu alisema, bila kutoa macho kwenye kioo, kwamba mama alijaza fomu pamoja naye, zote mbili, na ndiye aliyelamba bahasha.

Saa kumi na dakika thelathini na mbili meli ililala ubavu. Wimbi moja likapita juu yake lote, na lilipoondoka hapakuwa na kitu. Orodha ikaandika tano. Ukumbi ulipiga makofi mpaka wa magodoro chini wakagonga dari kwa ufagio.

Mwandikishaji wa chuo alifika saa kumi na moja kasoro dakika mbili, mama mkimya mwenye faili la kijani. Aliuliza mshindi ni nani, akaandika jina, akaomba sahihi. Sajini alitia sahihi kama mwamuzi, akiomba moyoni asiulizwe lolote kuhusu bahari. Dobi akashika kalamu.

Pasi alikuwa bado mgongoni kwake. Alikuwa amemaliza sababu zote, amebaki na moja, na aliisema kwa sauti ya mtu anayeamini kwamba hiyo haina jibu.

"Haya. Nenda. Lakini niambie kitu kimoja, dada yangu. Jumatatu asubuhi duka linafunguliwa, nguo za watu zimejaa karai. Nani atafua?"

Dobi alitia sahihi, akafunika kalamu, akamrudishia mwenyewe.

"Una mikono miwili, kaka. Leo nimeona inavyofanya kazi bila kutumwa."